Rimoti Iliyopima Lambo la Mazingara

Wapendwa wenzangu wa karakana, saa ya ukutani mliyonitengenezea kwa ajili ya siku ya kuniaga ilisimama siku ya tatu baada ya kufika nayo nyumbani Vugiri. Nimeifungua nikakuta waya mmoja umelehemiwa kivivu. Nimeurudia, sasa inatembea. Sijui ni nani kati yenu aliyeulehemu, ila namshuku yule anayependa kufanya kazi huku anasimulia mpira. Simtaji jina, anajijua.

Mmeniomba niandike habari za ile rimoti iliyo kwenye kabati la vioo. Mnasema wanaoajiriwa siku hizi wanalicheka sanduku lake la bati la samli, halafu wanauliza kwa nini swichi moja imezibwa kwa plasta ya hospitali. Nitawaeleza. Lakini nianzie mbali kidogo, maana mimi ni mstaafu na hakuna tena wa kuniambia gari linaondoka.

Niliripoti kazini Korogwe mwanzoni mwa miaka ya themanini nikiwa na cheti cha ufundi, gauni lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, na viatu vya kisigino. Mkuu wa karakana ya idara ya maji alikuwa Mzee Hoza, mtu wa Lutindi, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alivitazama viatu kabla ya kunitazama usoni.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Umekuja kazini au umekuja harusini?"

Akaingia ndani, akatoka na mabuti yake ya mvua, namba tisa. Nilishinda siku ile nikiyaburuta kama bata. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa redio mbovu ya mawasiliano, zile tulizotumia kuongea na vituo vya pampu. Nilitakiwa niing'oe vifaa vyote, kimoja kimoja, na kuvipanga kwenye makopo ya maziwa. Sharti lilikuwa moja: kabla ya kugusa kifaa, utaje kwa sauti jina lake na kazi yake. Nilitaja kutwa nzima. Baada ya mwezi hata mama aliyetupikia chai alikuwa akinisahihisha kwenye kapasita.

Msidhani ulikuwa utani. Vipuri havikuwepo. Redio ikifa, tuliizika kwa kuigawa, na kila kiungo chake kilikwenda kuishi ndani ya redio nyingine. Umeme ukikatika tulitia chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, tukaendelea. Nilijifunza hapo kwamba hakuna kitu kibovu kizima kizima. Hilo ndilo somo kubwa nililopewa na Mzee Hoza, na nalidai hadi leo kwa kila anayetupa kitu kibovu mbele ya macho yangu.

Kisha zikaja zama za ruksa. Mliozaliwa baadaye hamtaelewa ilivyokuwa kuona mnadani Korogwe mtu amemwaga chini kwenye turubai redio za mitumba, mashine za kaseti, taa za magari na vigari vya watoto vinavyoendeshwa kwa rimoti, vyote vimekufa au vinakaribia kufa. Wengine walikwenda kutafuta mashati. Mimi nilirudi na mfuko wa vigari vibovu, nikiwa na furaha ambayo hata sasa naona haya kidogo kuisema. Kila kigari kilikuwa na redio mbili ndogo, ya kupokea tumboni mwake na ya kutuma ndani ya rimoti yake. Mzee Hoza, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, aliishika moja, akaigeuza, akavua miwani.

"Na hii wamempa mtoto achezee?" akauliza. Alikaa nayo hadi saa ya kufunga, akitaja vifaa kwa sauti ya chini.

Sasa nifike kwenye lambo.

Lambo la Mazingara, upande wa Handeni, lilichimbwa zamani kwa ajili ya mifugo, na kila masika lilikuwa likijaa tope zaidi na maji pungufu. Mwaka mmoja wa mwishoni mwa miaka ya tisini tulisikia kwamba mkoa unaandaa orodha ya malambo ya kuchimbwa upya. Mhandisi wetu akatuambia wazi: lambo lisilo na vipimo vya kina haliingii kwenye orodha, na vipimo viwe mezani kwake Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao. Likikosa orodha hiyo, hakuna aliyejua nyingine itakuja lini. Wafugaji wa pale walijua maana yake. Kiangazi kilichotangulia walikuwa wamepeleka ng'ombe hadi mto Pangani, wakipita kandokando ya mashamba ya mahindi ya watu, na si ng'ombe wote waliorudi, wala si wakulima wote waliobaki wakiwasalimia.

Kupima kina ni kazi rahisi palipo na mtumbwi. Handeni mtumbwi utautoa wapi? Mpima wetu, Kaniki, Mzigua mrefu mwenye sauti ya mnada, alijaribu kuingia kwa miguu na fito, akazama kwenye tope hadi kifuani. Wafugaji walimvuta kwa kamba ya ng'ombe. Mara ya pili alielea juu ya mpira wa ndani wa tairi la lori, na mwiba wa mgunga ukaumaliza mpira ule kabla hajafika katikati. Wakamvuta tena kwa kamba ile ile. Mhandisi akapiga marufuku mtu yeyote kuingia majini.

"Fundi Zaina," Kaniki akaniambia akiwa bado ananuka tope, "vile vigari vyako havijui kuogelea?"

Aliuliza kwa mzaha. Mimi sikulala vizuri wiki nzima kwa raha ya swali lile.

Boti yenyewe haikunisumbua. Madumu mawili ya njano, mianzi kutoka kwetu Vugiri, mota mbili za wipa, na kila mota inazungusha gurudumu lenye makafi ya bati. Mota zikienda sawasawa, boti inanyooka. Moja ikipungua, inakata kona. Mota ya tatu inashusha jiwe la mizani kwa kamba. Jiwe likigusa chini, kamba inalegea na swichi ndogo inazima mota. Wakati huo huo mshale unazunguka juu ya sinia nililolipaka rangi na kuandika namba kubwa, ili Kaniki asome kina kwa darubini yake ya upimaji akiwa nchi kavu. Nilimuuliza kamba iwe na urefu gani.

"Mita nne zinatosha na kubaki," akasema. "Siku lambo la Mazingara likizidi mita nne, mimi nahamia humo na familia yangu."

Kazi ilikuwa kwenye rimoti. Rimoti ya kigari cha mtoto inajua mambo mawili, nenda na simama. Mimi nilitaka vijiti viwili: kimoja cha mwendo na kimoja cha kona, na kitu katikati chenye akili ya kuchanganya amri hizo mbili na kuamua kila mota ipewe nguvu kiasi gani. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi Dar alinipa fotokopi za kitabu na kunielekeza duka linalouza maikrokontrola. Ni kompyuta nzima ndani ya kipande cheusi cha plastiki chenye miguu kumi na minane, ukubwa wa punje mbili za mahindi. Unaiandikia programu, inaishika hata betri ikitolewa, na ukibadili mawazo unaifuta na kuandika upya. Niliifunga kwenye leso nikarudi nayo Korogwe, nikiipapasa njia nzima.

Vijiti nilivitengeneza kwa vidhibiti sauti vya redio za zamani, vile vile nilivyoving'oa nikiwa na mabuti namba tisa. Antena ilitoka kwenye redio kaseti, na sanduku ni debe la samli. Mota ya kushoto ilikuwa mvivu kuliko mwenzake, basi nikaiwekea kwenye programu nyongeza kidogo ya nguvu, na chipu ikakumbuka. Ndiyo uzuri wake. Kwa rimoti ya kawaida ningeshinda nikichonga makafi.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Ofisi nzima ilikuwa na moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na aliyeruhusiwa kuigusa alikuwa mhazili wetu, Bi Tabu. Nilimwomba. Akasema mashine ile si ya karakana, ina adabu zake. Ila alikubali kuchapa mwenyewe, na ninawaambia alichapa kurasa sita za amri asizoelewa hata moja bila kosa la herufi. Kompyuta ikaikataa programu. Tukarudia, ikakataa. Nilikagua mstari kwa mstari siku mbili, mpaka nilipotazama juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Bi Tabu alikuwa ameweka kumbukumbu namba, tarehe, na chini yake kwa herufi kubwa: YAH: PROGRAMU YA BOTI YA KUPIMIA LAMBO.

"Bi Tabu, hii hapa kompyuta haiielewi."

"Haiielewi vipi? Hakuna karatasi inayotoka kwangu bila kichwa cha habari, Zaina. Hata ya mhandisi."

Tulisuluhishwa na nukta mkato. Ukiiweka mwanzoni mwa mstari, kompyuta inauruka mstari huo bila kuusoma. Bi Tabu akabaki na YAH yake, mimi nikabaki na programu yangu. Programu zote za karakana yetu zimeanza hivyo tangu siku ile, na naomba msiache.

Tuliijaribu boti kwenye bwawa la samaki la jirani. Ilikwenda hadi ng'ambo, Kaniki akaigeuza kwa mkono, nami nikaivuta kwa uzi kurudi. Tulishangilia. Hapo ndipo kosa lilipojificha, kwa sababu hatukuwahi hata mara moja kuirudisha kwa rimoti. Niliwaza kidogo kwamba ikija kunielekea, kulia kwake kutakuwa kushoto kwangu. Nikajibu kwa ufundi: nikaongeza mistari kumi na minne kwenye programu na swichi moja ubavuni, nikaibandika jina KURUDI. Ikianza kuja unaibonyeza, kulia na kushoto vinabadilishana. Niliona nimemaliza dunia.

Tulifika Mazingara Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya vipimo kutakiwa. Pale ng'ombe hunywa kwa zamu, kila boma na wakati wake, na zamu ya kwanza ya adhuhuri ilikuwa ya mama mmoja wa Kimaasai ambaye wote walimwita Yeyo Nasieku. Ndiye aliyekuwa ametoa kamba ya kumvutia Kaniki, mara zote mbili.

"Yeyo, takwenya!" Kaniki akamsalimu kwa heshima ya mtu anayedaiwa uhai wake.

"Iko," akaitikia kwa Kimaa. "Leo unaingia tena?"

"Leo haingii mtu, Yeyo. Inaingia hiyo."

Akaitazama boti, madumu na mianzi na sinia. "Sawa," akasema. "Lakini jua ikifika hapa," akaonyesha juu kwa fimbo, "ng'ombe yangu anakunywa."

Boti ilikwenda vizuri. Pointi ya kwanza, ya pili, ya tisa. Jiwe lilishuka, mshale ukazunguka, Kaniki akasoma na kuandika, akiwa ng'ambo na darubini yake. Mita moja na robo. Sentimita tisini. Basi nikaigeuza irudi, nikabonyeza swichi yangu.

Sikilizeni, boti haiji wala haiendi tu. Muda mwingi iko ubavu. Je, ubavu ni kwenda au kurudi? Nilibonyeza, ikakata kuelekea matete. Nikabonyeza tena, ikazunguka. Kaniki akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Kulia! Kulia, Zaina!" na kulia kwake hakukuwa kulia kwangu, na kwa wote wawili hakukuwa kulia kwa boti. Ikazunguka mara saba, nilihesabu, kisha ikaingia pua kwenye matete katikati ya lambo, mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga. Betri ilikuwa moja, ya pikipiki, na nilisikia mota zikianza kunung'unika. Pointi zilitakiwa thelathini. Tulikuwa na tisa. Nilihisi machozi, na siyaonei haya. Niliona ng'ombe wale wakienda Pangani, na mimi ndiye niliyewapeleka.

Yeyo Nasieku alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Ng'ombe wake walikuwa wameshafika, wamezuiwa kivulini, wanalalamika.

"Fundi," akasema, "wewe unaangalia mkono yako. Yule bwana anaangalia mkono yake. Nani anaangalia mkono ya ng'ombe?"

"Ng'ombe gani, Yeyo?"

Akaelekeza fimbo kwenye boti. "Huyo. Nikiwa mbele, nikiwa nyuma, mkono yake ya kulia ni ile ile. Mimi ndiye nahama, yeye hahami. Lete."

Aliweka fimbo chini, akapokea debe langu la samli. Akaniuliza kila kijiti kinafanya nini. Alipofika kwenye swichi ya KURUDI nikamweleza, akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Hii funga."

Nikaizima. Akashika vijiti kwa vidole viwili viwili. Kwanza aliirudisha nyuma taratibu, kama anavyomtoa ndama kwenye kichaka, nusu hatua, asubiri, nusu hatua. Matete yakaachia. Akaigeuza. Boti ikaja kutuelekea, imenyooka, sinia linang'aa juani, na wachungaji wote wakapiga mluzi. Dada zangu na kaka zangu, mimi niliruka. Mwanamke mzima, mtumishi wa serikali, niliruka juu na mabuti yangu!

Ilipogusa ukingo alichana upindo wa lubega yake nyekundu, akaufunga kwenye dumu la kulia. "Sikio," akasema. Wao huwatia ng'ombe alama masikioni, na kwa alama hiyo humjua mnyama hata akiwa mbali amegeuka vyovyote. Akanirudishia rimoti. Sasa sikuwaza kulia wala kushoto. Kijiti kikienda upande huu, boti inakata upande wa kitambaa. Kikienda upande ule, inakimbia kitambaa. Basi. Nasikia meli kubwa nazo zina taa nyekundu upande mmoja, ila wao wameiweka kushoto. Hawakumpata Yeyo wa kuwaelekeza.

Ng'ombe wake walichelewa kunywa siku ile kwa ajili yetu, na aliwaambia hivyo kwa Kimaa, kwa sauti, kama mtu anayeomba radhi kwa wageni. Tulipokezana, yeye na mimi, betri ikapumzishwa kila pointi tano, na jua lilipoanza kuinama Kaniki akapiga kelele namba ya thelathini. Hakuna pointi iliyozidi mita moja na nusu. Ijumaa asubuhi Bi Tabu alichapa jedwali, likiwa na YAH yake, likafika mezani kabla ya chai. Lambo la Mazingara likaingia kwenye orodha.

Jumatatu yake nilifuta ile mistari kumi na minne ya programu. Nilifuta nikicheka peke yangu. Swichi yenyewe niliiacha nikaiziba kwa plasta, ili nisisahau. Ndiyo hiyo mnayoiona. Msiibandue. Siku mkipewa kazi na mkajikuta mnaongeza swichi ili kukwepa kuuliza swali dogo, nendeni kabatini mkaitazame.

Na kile kitambaa kwenye boti si pambo. Kikichakaa, kibadilisheni kwa chekundu, dumu la kulia.

Mitambo ilikuja kiangazi kilichofuata, ikachimba wiki nyingi. Masika yakaja yakajaza. Nilikwenda na Kaniki kukagua, na boti tulikuwa nayo kwenye gari ingawa hakuna aliyetutuma kuibeba. Yeyo Nasieku alituona kwa mbali.

"Fundi! Ng'ombe yako ya plastiki iko wapi? Lete apime!"

Nikampa rimoti. Aliipeleka katikati, imenyooka, akaisimamisha, kisha akabonyeza mwenyewe kushusha jiwe. Kaniki akainama kwenye darubini. Ng'ombe walikuwa wamezama hadi magotini ukingoni, wanakunywa bila haraka. Mshale ulipita moja, ukapita moja na nusu, pale ulipokuwa ukikoma zamani. Ukapita mbili. Ukapita tatu. Tulisikia mota ikiendelea kunguruma, kisha ikakwama ghafla, na jiwe bado linaning'inia.

"Imeharibika?" Yeyo akauliza.

Kaniki aliinua kichwa polepole. Hakuwa na sauti ya mnada tena.

"Kamba imeisha," akasema.

Nilimuuliza anahamia lini na familia yake. Yeyo alicheka hadi akakaa chini. Kamba ile iko kwenye boti hadi leo, mita nne kamili, fupi kuliko lambo. Ni kosa pekee la kazini kwangu ambalo sikutaka kulirekebisha.